Gunia Lililoshiba

Tangu biashara iachiwe huru na malori ya Dar es Salaam yaanze kupanda yenyewe milimani kwetu hadi Malindi, mwanamume wa bondeni alipimwa kwa gunia lake. Aliyefunga gunia legevu alirudi nalo nyumbani. Masudi alikuwa bingwa wa lumbesa: gunia limejaa hadi shingoni, juu limevikwa kilemba cha kabichi, limeshonwa kwa kamba mpaka ukiligonga linaumiza vidole. Wanunuzi walimsifu sana, na kwa nini wasimsifu, wakati kile kilemba walikipata bure?

Mwaka wa mvua za El Nino, mto ulipokaribia kupanda mashambani, dada Anitha, afisa wa mradi kutoka Tanga, alileta kizuizi cha kisasa. Ulikuwa mpira mrefu wa turubai nzito. Unalazwa ukingoni, unajazwa maji kwa pampu, na mafuriko yakipita unamwaga maji, unaukunja, unauweka stoo kungoja mvua nyingine. Maji yazuie maji! Watu waliguna. Tena ulitosha nusu tu ya ukingo. Nusu ya juu palikuwa na shamba la Masudi; nusu ya chini, shamba la mama mkwe wake, Bi Zainabu, mjane ambaye chakula chake cha mwaka mzima kilitoka kwenye kabichi za shamba lile.

"Mpira tuulaze chini, kwa mama," Anitha alisema.

"Hapana, dada. Huo mpira leteni kwangu, ukipasuka nipate hasara mimi. Kwa mama mkwe nitapanga magunia ya mchanga kwa mkono wangu."

Alisema kwa moyo safi kabisa. Alikuwa anampa mkwewe kile alichokiamini.

Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ulipoanza, watu wakichota mchanga, Anitha alimsogelea. "Kaka Masudi, jaza gunia nusu tu. Likiwa legevu linalala na kushikana na mwenzake. Likishiba linabaki mviringo, maji yanapenya katikati."

Masudi alicheka mpaka akashika kiuno. "Gunia la nusu, dada? Nimpelekee mama mkwe? Si nitakuwa nimemtukana!" Watu wote wakacheka naye. Akashindilia mchanga kwa goti, akashona, akapanga safu ya magunia manene ambayo mnunuzi yeyote angeyatamani.

Mto ulipanda kesho yake baada ya adhuhuri. Mpira ulitikisika, ukatulia. Upande wa magunia maji hayakuhangaika hata kidogo. Yalipita kwenye nafasi kati ya gunia na gunia, yakachimba chini, na magunia yakaanza kubingirika moja moja kama maboga. Masudi alijilaza kifudifudi azibe pengo kwa kifua. Watu walimvuta kwa miguu. Kabichi za Bi Zainabu ziliondoka na udongo wake.

Kuanzia hapo Masudi alipita njia za uchochoroni kwenda msikitini. Alisikia wanavyosema: kajiwekea mpira, mkwewe kampa mchanga. Uongo ule ulimchoma, na ukweli ulimchoma zaidi, maana alikuwa ameambiwa akacheka. Angemweleza nani? Mtu hasimami mbele ya mkwe kujitetea. Akamtuma mkewe, Rahma, akamwambie mama kwamba nusu ya kabichi zake ni za mama.

Rahma alirudi na macho mekundu. "Mama anashukuru. Anasema yaliyotokea ni ya Mungu. Ila anasema hakuozesha binti ili aje alishwe na mkwe."

Masudi aliona afadhali angetukanwa.

Siku lori lilipokuja, wanawake walifika shambani kwake kubeba kabichi kwa ujira, kama kawaida ya msimu. Masudi alikuwa ameinama akikata. Alipoinua uso, kisu kilimtoka mkononi. Mstarini, kanga imefungwa kiunoni na ngata iko kichwani, alikuwa Bi Zainabu.

"Shikamoo, mama," alisema akitazama chini.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo? Nianzie tuta lipi?"

Wanawake wengine walikuwa wamejipanga nyuma yake, wakisubiri. Dereva alipiga honi barabarani. Masudi akanyoosha mkono, akamwonyesha mama mkwe wake tuta la kwanza.