Benchi la Marafiki

Tepaeru alimchukia Bi Tarrant tangu siku walipokutana, na kusema kweli Bi Tarrant hakufanya lolote la kuipunguza chuki hiyo. Alikuwa naibu mwalimu mkuu, tena mwenye dhamana ya ustawi wa wanafunzi. Maneno hayo yaliandikwa mlangoni kwake kwa rangi zote za upinde wa mvua, chini yake picha ya watoto wameshikana mikono. Alitabasamu muda wote. Hata akikukanyaga, alikukanyaga huku akitabasamu.

"Karibu, Mama Teo. Keti basi. Nikupe chai?"

"Nimetoka kazini na narudi kazini. Sema uliloniitia."

"Ni zile nywele tena, mwenzangu."

Teo alikuwa na miaka minane na mkasi haujawahi kugusa kichwa chake. Ndivyo walivyolea mtoto wa kiume kwao Visiwa vya Cook, na kuhamia Queensland, Australia, hakukubadilisha kitu. Nywele huachwa mpaka siku yake ifike. Ndugu hukusanyika, mtoto huketishwa kwenye kiti kilichotandikwa shuka la maua lililoshonwa na bibi yake, nywele hugawanywa mafungu mafungu na kufungwa riboni, kisha kila ndugu hukata fungu lake. Fungu la kwanza la Teo lilikuwa la babu yake, mzee wa kisiwa cha Aitutaki aliyeogopa ndege maisha yake yote na sasa amekubali kupanda moja, Desemba, kwa ajili ya mkasi huo tu. Kila Jumapili alipiga simu na swali lake lilikuwa lile lile.

"Hazijaguswa?"

"Hazijaguswa, Baba."

Shuleni hazikumsumbua mtu mpaka siku Brody, mwanafunzi wa darasa lake, alipouning'inia msuko wa Teo kwenye vyuma vya kupandia, akamwangusha kifudifudi. Bi Tarrant alichunguza, akasikitika, akatoa uamuzi. Brody alipewa karatasi achore hisia zake. Teo akaamriwa kufunga nywele juu ya kichwa, kwa usalama wake mwenyewe.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Nywele za Teo zilikuwa nyingi, zikifungwa juu zilifanya fundo kubwa utosini, na kofia ya shule ikakataa kuingia. Na huku, jua linavyowaka, asiye na kofia hachezi. Mtoto wa chekechea anaijua sheria hiyo kabla hajajua kuhesabu. Kwa hiyo kila mapumziko Teo alikaa kwenye benchi la kivulini karibu na mabomba, wanapokalishwa wasio na kofia, akiwatazama wenzake wanacheza mpira. Brody alikuwa golikipa.

Tepaeru hakukaa kimya. Alimletea mwanawe kofia pana ya ukindu mweupe iliyosukwa na shangazi yake, kofia ya kuvaliwa kanisani, iliyolifunika fundo lote na hata mabega. Ilirudishwa nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki kwa kuwa si ya sare. Akafumua kofia mbili za shule akashona moja kubwa. Nayo ikarudi, eti sare haichezewi.

"Sikiliza, Mama Teo," alisema Bi Tarrant. "Sisi hapa tunaheshimu mila za kila mtu. Mwaka jana tulikuwa na siku nzima ya mila. Lakini mtoto anahitaji kujiona ni mmoja wao."

"Atajionaje ni mmoja wao na mmemweka benchi kama mgonjwa?"

"Ndiyo maana tunalifungua upya benchi lenyewe!" Macho yakamng'aa. "Umeliona? Tumelipaka rangi. Sasa ni Benchi la Marafiki. Mtoto asiye na wa kucheza naye anakaa pale, na rafiki anakuja kumchukua."

Tepaeru alilitazama dirishani. Lilikuwa lile lile la mabomba, limepakwa rangi saba na kuandikwa jina lake jipya.

"Mbona mmeliweka hapo?"

"Ndipo penye kivuli kilichoidhinishwa."

"Na wasio na kofia sasa wanakaa wapi?"

Bi Tarrant alisita. "Hapo hapo."

"Kwa hiyo mpweke na mwenye adhabu wanakaa benchi moja. Mtoto gani mwenye akili zake atakwenda kukaa hapo? Na huyo rafiki akija kumchukua Teo, atampeleka wapi, maana haruhusiwi kutoka?"

"Unalifanya gumu bila sababu. Dawa ni rahisi kabisa, na iko mikononi mwako."

"Niambie waziwazi, nikusikie."

"Ni nywele tu, mpenzi. Zitaota tena."

Tepaeru aliinuka. Alihisi mikono inamwasha. "Babu yake anakuja Desemba. Mpaka siku hiyo, atakayemgusa mwanangu kichwani atanijua mimi ni nani. Na usiniite mpenzi."

Ijumaa ilikuwa siku ya uzinduzi wa benchi. Wazazi walialikwa, na Tepaeru alikwenda kwa kuwa darasa la Teo lilikuwa linaimba. Watoto walipangwa uani, wote wamevaa kofia za buluu. Alimtafuta mwanawe kwanza kwenye benchi, hakumwona. Akatafuta fundo utosini, hakuliona. Wimbo ukaimbwa ukaisha na bado alikuwa hajamwona, akaanza kuingiwa na hofu.

"Na sasa," Bi Tarrant alisema kwenye kipaza sauti, chini ya kofia yake pana, "cheti cha wiki, kwa mwanafunzi aliyefanya uamuzi mzuri, peke yake, bila kulazimishwa. Teo, njoo mbele!"

Kofia moja ya buluu ikatoka mstarini. Chini yake kulikuwa na shingo nyembamba, tupu, yenye weupe wa ngozi isiyowahi kuona jua. Tepaeru aliitazama shingo ile kama ya mtoto wa mtu mwingine. Kisha mtoto akageuka, akawa Teo.

Hakumbuki alivyofika mbele. Anakumbuka tu kwamba alipita katikati ya watoto na wakampisha.

"Nani amekukata?"

"Mimi," Teo alisema. "Chooni. Kwa mkasi wa darasani."

"Alinitokea asubuhi ameshakata, maskini, amejikwangua vibaya," Bi Tarrant alisema, akiziba kipaza sauti kwa kiganja. "Mimi nilimsawazisha tu kidogo hapo nyuma, asichekwe."

"Wewe ulimsawazisha."

"Kidogo tu."

"Ziko wapi?"

"Nini?"

"Nywele za mwanangu! Ziko wapi?"

Bi Tarrant alitazama kando, na kando huko kulikuwa na pipa la taka. Tepaeru alikuwa tayari kumpiga. Hakuna haja ya kuficha. Mkono ulishainuka kidogo. Teo ndiye aliyeushika.

"Mama, usilie. Sikuzimaliza."

Alivua kofia. Kichwa kilikuwa kimekatwakatwa mabakamabaka, ila juu ya paji la uso palikuwa na fungu moja lililoviringwa vizuri na kubanwa kwa pini. Akaifungua pini. Fungu likateremka, refu, likampita kifua mpaka kiunoni, na mwishoni lilifungwa riboni nyekundu.

"Hili la kwanza ni la Babu. Nilijaribu, kofia inaingia."

"Teo, kofia kichwani, tafadhali," alisema Bi Tarrant. "Uko juani."

Kengele ya mapumziko ikalia. Tepaeru alitaka kumbeba mtoto wake siku hiyo hiyo wasirudi tena pale. Lakini Teo alikuwa ameshaviringa fungu lake, ameshavaa kofia, anautazama uwanja.

"Mama, naweza kwenda? Nilizikata ili niende."

Akamwachia mkono. Akamtazama anakimbia, akakaa kwenye benchi lile la rangi saba. Bi Tarrant akaja kukaa karibu naye, sauti imelainika.

"Unaona? Anacheza. Kumbe zilikuwa nywele tu."

"Desemba nitamleta mzee hapa shuleni," Tepaeru alisema bila kumgeukia. "Umweleze wewe, kwa mdomo wako, zilikokwenda zile nyingine. Na ukisema naye, uvue hiyo kofia."

Kwa mara ya kwanza Bi Tarrant hakutabasamu. Uwanjani Teo alikuwa anakimbia huku ameshika kofia kwa mkono mmoja, isije ikaanguka.