Duara la Chokaa

Tangu mkewe afariki, fundi saa aliishi peke yake, na kutwa nzima aliyemsemesha hakuna ila saa za watu zilizotundikwa ukutani. Ndiyo maana binti yake, rubani wa ndege ya mizigo, alipomwambia kwa simu kwamba ndege yake mpya hutua hata mahali padogo, na kwamba akipita upande ule atashuka amsalimie, mzee hakuuliza la pili. Alishika panga akafyeka uwanja wa nyuma ya nyumba. Mlimau wa marehemu nao akaukata, kwa kuwa ulisimama katikati. Kisha akachora duara kwa chokaa, akaona limepinda upande mmoja, akafuta, akachora upya, akamtumia binti ujumbe kwamba uwanja uko tayari.

Asubuhi ya safari, binti akapiga simu.

"Baba, huo uwanja wako una urefu gani?"

"Urefu wa nini tena? Ni duara. Unashuka katikati."

"Hiyo ni helikopta, Baba."

"Usinifundishe helikopta, mama. Zipo na ndege zenye mabawa, zinageuza injini zikatazama juu, zikainuka pale pale ziliposimama. Nimesoma."

"Zipo, lakini yangu haimo. Yangu lazima ikimbie ndipo ipae, na ikitua inakimbia tena. Ila haikimbii sana kama wenzake. Ndiyo hapo padogo nilipokwambia."

"Haikimbii sana, kama kutoka wapi hadi wapi?"

"Kama kutoka kwako hadi sokoni."

Mzee akautazama ukuta wa jirani. "Hapo kati kuna choo cha watu."

Binti akacheka, naye akacheka.

"Hukuhangaika sana lakini, Baba? Hukukata kitu?"

"Majani tu."

"Nitakuja kwa basi nikipata likizo."

"Lini?"

"Nikipata, Baba."

Fundi alihamishia simu sikio la pili. "Basi leo pita hapa juu."

"Sitakuona. Nitakuwa juu mno."

"Nani kasema unione? Mimi ndiye nikuone."

Alimsikia binti akivuta pumzi. "Haya. Lakini bado tunapakia mizigo. Utoke nje kama saa sita hivi."

"Nimeshatoka," alisema fundi.