Barabara ya Sebuleni

Shangazi alikuwa anakata vitunguu wakati barabara ilipoingia sebuleni. Ilipenya ukuta bila kuubomoa, ikapita kati ya kochi na jiko, njia sita, lami bado ya moto, ikatokea upande wa pili. Mchana magari yakaanza. Shangazi alisubiri lori la saruji lipite, akavuka kufuata chumvi.

Jioni alimpigia simu binti wa kaka yake, anayefanya kazi kwenye ofisi inayotabiri miji ya nchi nzima itapanukia wapi.

"Mwanangu, mmeniletea barabara."

"Sebuleni?"

"Sebuleni. Na hakuna dereva hata mmoja aliyepiga hodi."

Binti hakushangaa. Kila ilichochora modeli ya kompyuta jioni, asubuhi kilikuwepo. Nchi ni kubwa, na wakubwa hawapendi kutembea kwenda kujionea. Modeli ilifundishwa kwa picha za angani za mitaa ya vigae. Paa la vigae ililiita nyumba. Paa la turubai, kama la shangazi na majirani zake wote, ililiita ardhi tupu.

Akaenda kwa mkurugenzi.

"Pale wanaishi watu, bosi."

"Modeli inapatia mara tisini katika mia."

"Na hizo kumi?"

"Makosa. Kila sayansi inayo."

"Hayo makosa yanapika saa hizi, bosi. Yanaosha vyombo."

"Basi yaezeke vigae," alisema mkurugenzi, akakoroga chai.

Binti akarekebisha ramani kwa mkono wake, nyumba moja moja. Modeli ikazifuta zote kama uchafu wa picha. Kulipokucha, nyasi zilikuwa zimeota kitandani kwa shangazi, na sauti yake ilisikika kwa ndugu na majirani tu.

Wiki hiyo mkurugenzi, akifuatana na binti, alileta wageni waone utabiri ulivyotimia. Walisimama kando ya barabara, mbele ya kochi. Shangazi akawakaribisha. Hawakuitikia.

"Hapa palikuwa na nini?" aliuliza mgeni.

"Patupu," alijibu mkurugenzi, mkono ameuegemeza begani kwa shangazi kama mtu aliyeegemea nguzo.

"Mwambie huyo baba aniachie bega," shangazi alimwambia binti. "Mboga inaungua."

Binti akamwambia, tena kwa sauti ya kusikika na wageni wote.

Mkurugenzi akaegemeza na mkono wa pili.