Mto Mrefu wa Cheche

Mchomeleaji mmoja wa mageti, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, alikuwa na mke mjamzito asiyepata hata lepe la usingizi. Akilalia ubavu huu, kiuno kinalalamika. Akigeukia ule, tumbo linakosa pa kuegemea. Asubuhi anaamka na macho mekundu, na wa kulaumiwa yuko pale pale kando yake.

"Umekoroma usiku kucha," anamwambia.

"Mke wangu, nilikuwa macho."

"Basi umekoroma ukiwa macho."

Jumamosi moja mke alipokwenda kliniki, Cheche alifungua kabati akatoa shuka la maua ya bluu walilolianzia maisha. Katikati lilikuwa limechakaa mpaka mwanga unapenya, ila kingo zake zilikuwa bado imara. Akakata kipande kirefu kila upande, akaweka kando blanketi lililotoboka na mito miwili iliyokwisha kubonyea. Alitaka kumshonea mkewe mto mrefu, wa kukumbatia na kuegemezea tumbo.

Kuunganisha chuma alikuwa anakuweza. Kitambaa, hapana. Alikaa kitandani, akatandika vile vipande mapajani, akaanza na sindano ya mkono huku anapiga mluzi. Mshono ulikwenda kama mlevi anayetafuta kwake, lakini ulikwenda.

Sasa, nyumbani humo alikuwamo pia mama mkwe, aliyekuja kumsaidia binti yake. Tangu afike, yeye na Cheche walikuwa hawajavuka salamu na "chakula tayari, baba." Heshima ilikuwa nyingi kiasi kwamba wakikutana koridoni, kila mmoja anarudi nyuma kumpisha mwenzake, na hapiti mtu.

Mlango ukabishwa, kisha ukafunguka kidogo.

"Samahani, baba. Mkasi wa jikoni hujauona?"

Cheche akaruka kusimama kwa adabu. Shuka nalo likasimama. Alikuwa amejishona na suruali yake, kuanzia pajani hadi karibu na goti.

Mama mkwe akalitazama shuka. Cheche akatazama sakafu.

"Baba," akasema yule mama taratibu, "hiyo ndiyo fasheni ya sasa?"

Cheche alijikaza, akashindwa. Mama mkwe naye akaangua kicheko mpaka akashika fremu ya mlango asianguke. Kila walipotaka kunyamaza, Cheche anapiga hatua, shuka linamfuata, wanaanza upya.

Alipomaliza kumfumua, mama mkwe aliketi kando yake.

"Umeshonea upande wa nje. Yafanye maua yatazamane, ushone, uache mdomo, halafu uugeuze wote kama soksi. Na kila ukichoma sindano, irudishe nyuma kidogo kabla hujasonga mbele."

"Kama kuchomelea tu, mama. Usipopitia juu ya ulipoishia, kiungo kinaachia."

"Kumbe fundi ninaye ndani, ananifichia!"

Wakashona, kila mmoja upande wake. Walikatakata blanketi, wakalichanganya na pamba ya ile mito, wakashindilia, wakafunga mdomo.

Mke aliporudi, alikuta kitu kinene cha maua ya bluu kimelala toka kichwani hadi miguuni.

"Huyu nani kitandani kwangu?"

"Mgeni wako," Cheche alisema. "Mkumbatie, hana neno."

Mke akajilaza, akauwekea ule mto mguu juu, tumbo likapata pa kupumzika. Alifungua kinywa aseme kitu, akapiga miayo badala yake. Usingizi ulimchukua na viatu miguuni. Cheche akamvua kimoja kimoja, kwa kunyata. Usiku huo alilala ukingoni mwa kitanda, nusu ya mwili ikielea hewani, akitabasamu peke yake gizani.

Asubuhi mama mkwe alisogeza kikombe chake cha chai.

"Baba, shuka jingine la zamani halipo? Na mimi nina kiuno."

Cheche alikwisha simama. Walitandaza shuka la mistari juu ya meza, wakaanza kubishana urefu, sauti juu, vicheko juu, mpaka mke akapaza sauti kutoka chumbani:

"Jamani! Kuna watu wamelala humu!"