Kitufe cha Kiwanda

Vitufe vya ripoti ya kampuni vilipangwa kwenye kundi moja juu ya skrini: Mauzo, Ghala, Usafirishaji, Wateja, Kiwanda. Ukivuta kimoja, vyote vinasogea. Ukitaka kurekebisha kimoja tu, unabofya kundi kwanza, halafu kitufe chenyewe, tena kwa mkono mtulivu. Mtengeneza ripoti aliizoea kazi hiyo, ndiyo maana wenzake walimwita Bi Vitufe.

"Hicho cha Kiwanda kitoe," meneja alimwambia asubuhi. "Kiwanda tulishakifunga, kinafanya nini hapo? Wakurugenzi wanakuja mchana."

Bi Vitufe alikibofya kwanza, ahakikishe ukurasa hauna kitu. Ikatoka harufu ya sabuni mbichi. Nyuma ya jedwali tupu, wanawake wa chumba cha kufungia sabuni walikuwa kwenye benchi lao, wakifunga miche kwa karatasi ya bluu na kusengenyana. Baadhi yao walishazikwa, lakini mikono yao ilikwenda sawa na ya wengine. Mmoja alimuuliza kama mama hajambo. Nafasi ya karibu na dirisha ilikuwa wazi.

Ilikuwa nafasi ya mama yake. Bi Vitufe alikulia kwenye geti la kile kiwanda. Akitoka shule alimsubiri pale, na mama alitoka na umbea wa siku nzima, wakacheka mpaka nyumbani. Kisha wote walifukuzwa kwa tangazo lililobandikwa getini, na hakuna bosi aliyetoka kuwatazama usoni. Tangu hapo mama alikaa kwenye kochi, akijibu watu kwa kichwa. Bi Vitufe alizikumbuka siku zile. Akachukua simu.

"Mama, njoo ofisini. Vaa gauni la kazi."

Mama alifika kitambaa kikiwa kichwani. Aliitazama skrini, akainama kidogo, akaingia.

"Wewe nawe kwa kuchelewa," wenzake walimwambia, wakamsogezea karatasi.

Mama akacheka. Binti yake hakuwa ameisikia sauti ile tangu geti lifungwe, na hakuweza tena kukitoa kitufe.

Meneja alikuja kukagua. Alisimama nyuma ya kiti, akatazama miche ikipangwa kwenye katoni.

"Hizo sabuni zinatoka mpaka huku nje?"

"Zinatoka. Zile pale, chini ya printa."

Alifungua katoni moja, akanusa mche.

"Na hawa kina mama wanalipwa na nani?"

"Hawalipwi. Mliwafukuza."

Meneja alifikiri huku akijikuna kidevu. "Basi kiache. Kisogeze kiwe cha kwanza, ukikuze kidogo. Kwenye mishahara andika sifuri."

Bi Vitufe alibofya kundi, akabofya kitufe, akakisogeza. Mchana wakurugenzi walitazama ripoti wakapiga makofi, na mmoja akaomba mche wa kupeleka nyumbani.

Jioni mama alitoka kwenye skrini, akanyoosha mgongo. Njia nzima aliongea bila kituo: nani kanenepa, nani bado ana kiburi, nani kamwibia mkasi. Bi Vitufe alifurahi na kuumia kwa pamoja. Walipofika mlangoni mama akauliza:

"Kwa hiyo wameturudisha kazini?"

"Hapana, mama."

Mama alivua viatu, akavipanga ukutani.

"Haya. Kesho uniamshe mapema, mabasi ya asubuhi yanajaa."