Mkia Wenye Mshale

Mashine ya kunyolea ilizima Mwalimu Mkuu akiwa amenyolewa upande wa kushoto tu. Nywele za kulia zilibaki zimesimama wima, kana kwamba zinasubiri kengele.

“Baba Pacha!” Mama Pacha alimwita mumewe kutoka kwenye kibanda chake cha kinyozi. “Lidude lako limegeuka tena!”

Baba Pacha alikuwa juu ya paa tayari. Mtambo wake wa upepo, alioutengeneza kwa dinamo ya gari na mapanga ya bomba la plastiki, ulikuwa ukihangaika kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Upepo ukihama kidogo tu, mtambo ulitazama kwingine na umeme ukakatika. Kazi ya kuuelekeza kwenye upepo ni ya mkia, na mkia wenyewe ulikuwa sinia la chai.

“Mkia ni mdogo,” alitangaza kwa sauti ya daktari.

“Na subira yangu ni ndogo vilevile. Mashine ikizima tena juu ya kichwa cha mtu, lidude linaenda kwa muuza vyuma chakavu. Na wewe utalisindikiza!”

Mwalimu Mkuu alikohoa. “Na mimi je, shemeji?”

“Wewe vaa kofia, mwalimu. Njoo kesho.”

Baba Pacha aliyasokota masharubu yake, aliyoyafuga tangu siku za uchumba. Miezi mitano ya jasho iishie kwenye mizani ya vyuma chakavu? Akashuka kusaka bati pana. Alilipata kwenye kona ya barabara: jepesi, limepakwa rangi pande zote mbili, tena mali ya nyumbani. Jioni likawa mkia.

Kesho yake upepo ulihama mara kumi, na mara kumi mtambo uligeuka nao taratibu, kwa adabu zote. Mashine ilinguruma bila kukwama. Mwalimu Mkuu akamaliziwa upande wa pili, akaenda zake na kofia mkononi.

Baada yake hakuja mtu. Saa nne, kimya. Saa sita, Mama Pacha alikuwa akiwahesabu nzi.

Ndipo akatokea muuza nyama, kisu mkononi, wanaume watatu nyuma yake.

“Mama Pacha, chukua watu wako! Wamepanga foleni buchani tangu asubuhi. Huyu ananiambia nipunguze pembeni, juu niache!”

Wote wakatazama juu. Mkia ulikuwa kile kibao cha kona: KINYOZI YUKO HUKU, na mshale mwekundu ukielekea buchani. Upepo ukahama. Mshale ukazunguka polepole, ukatulia kwenye choo cha jirani. Mmoja wa wale wateja akaanza kuelekea huko.

“Rudi hapa!” Mama Pacha alimfokea, kisha kicheko kikamshinda.

“Lakini mashine haijazima hata mara moja,” Baba Pacha alisema kwa sauti ya chini.

Hilo halikuwa na ubishi. “Haya, lidude libaki. Mshale ufutwe. Sasa hivi!”

Baba Pacha akapanda na kopo la rangi nyeusi ya mafuta. Alipomaliza kuufuta mshale wote, upepo ukahama. Mkia ukageuka kwa utiifu na kumpangusa uso mzima. Rangi ikapiga kambi kwenye masharubu.

“Tujaribu mafuta ya taa kwanza, mke wangu.”

“Kaa kwenye kiti.”

Kwa mara ya kwanza katika miezi mitano, Baba Pacha aliomba mtambo uyumbe. Mashine ikanguruma, imetulia tuli, mpaka unywele wa mwisho.