Kioo cha Paani

Lori la Mithika lilikuwa na kioo paani, na kioo hicho kilikuwa mke mwenza wa Kiende. Mumewe alikisifu mchana kutwa: kinaingiza mwanga, kikifunguliwa kinatoa joto, na dereva huiona mvua bila kutoa kichwa dirishani. Kiende alijua upande wa pili. Jua la saa sita lilimchoma utosini, na mvua za Meru zilimdondokea hadi akafika sokoni ameloa kama kifaranga. Alisema mpaka akachoka. Siku moja kabla ya safari ya kupeleka ndizi Ishiara, Mithika akiwa ameenda kunywa chai, Kiende alimwita fundi pale Makutano, naye akakiziba kioo kwa lami pande zote nne. Kiende alinyamaza. Alitaka mumewe agundue mwenyewe, siku mvua itakaponyesha na vichwa vibaki vikavu.

Waliposhuka kwenye nyanda kavu za Embu, joto liliwapokea. Mithika akataka kufungua kioo. Kiende akamwambia vumbi litawajaa, naye akaacha.

Walifika kwenye mto wa mchanga ambao barabara huukata kwa kivuko cha saruji. Maji yalikuwa ya kulowesha kwato tu. Lakini mzee mmoja mchunga mbuzi, jina lake Mbogo, alikuwa amesimama ukingoni na wanyama wake. Akainua fimbo.

"Ngojeni kidogo," alisema. "Hii mto inakuja."

Mithika alicheka, akamwonyesha kioo. Juu kulikuwa na anga la buluu, safi kabisa. Kwao milimani mtu huona mvua kwanza ndipo aone maji, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba huku chini maji huja na mvua usiione, kwa kuwa imenyesha mbali. Mzee alisema hata mbuzi wamekataa kuvuka. Mithika akamjibu kwa adabu kwamba ndizi hazingoji mbuzi, akatia gia.

Katikati ya kivuko Kiende alisikia ngurumo, akadhani ni injini. Kisha akayaona maji, mekundu kwa udongo, yamebeba magogo. Yalilisukuma lori nje ya saruji, likaegemea mwamba wa ukingoni, injini ikazima. Mlango wa Kiende ulibanwa na mwamba. Wa Mithika ulishikwa na maji, na dirisha lake lililokuwa wazi likawa linawamiminia tope mapajani. Kiende akaanza kulia. Alimkumbuka Mwendwa, binti yao, aliyewangoja kwa nyanyake.

"Usilie, Mama Mwendwa," Mithika akasema. "Kioo tunacho."

Akasukuma. Hakikusogea. Akasukuma tena kwa bega, maji yakiwa kifuani. Kiende alitamani mto ummeze kabla hajafungua kinywa.

"Baba Mwendwa, nilikiziba. Kwa lami. Jana."

Mithika alimtazama. Kisha akalala kitini, akainua miguu.

"Piga teke na mimi," akasema.

Walipiga, wakapiga. Lami ilikuwa imepikwa na jua la nyanda njia nzima, ikaanza kuvutika kama uji mzito. Pembe moja ikaachia. Maji yalipomfika Kiende kidevuni, kioo kikafunguka kwa kishindo, na Mithika akamsukuma juu kwa mikono yote miwili kabla ya kujitoa mwenyewe. Mzee Mbogo alikuwa amelala kifudifudi juu ya mwamba, amewanyoshea fimbo.

Ukingoni Kiende alijitupa chali, huku mikungu ya ndizi ikienda na maji. Alingoja kukaripiwa. Mithika alimshika mkono tu. Juu yao anga lilikuwa bado la buluu, halina hata wingu moja, na Kiende akafumba macho asilione.